Maziwa Mazito Kupita Kiasi

Asubuhi ile Mama Pacha alivaa lile gauni lake la kuendea harusi za watu. Ndiyo, la harusi, kwenda kusimama nyuma ya kaunta na kuuza maziwa. Akafunga aproni nyeupe juu yake, akajipaka mafuta ya mgando mpaka viwiko vikang'aa, kisha akakumbuka kwamba mtu wa maziwa hatakiwi kunukia kitu chochote, akakimbia kunawa upya kwa sabuni ya mche. Wanawe mapacha walikuwa mlangoni na mabegi yao ya shule, wanamkagua kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Mama, kwani leo unaolewa?" mmoja akauliza.

"Leo napimwa. Nendeni shule."

Na kweli ilikuwa siku ya kupimwa. Serikali ilikuwa imechoka na maziwa ya ujanja ujanja, ikatoa amri: kila duka la maziwa litakaguliwa mbele ya wateja wake, mchana kweupe. Ukifaulu unabandikiwa stika ya kijani mlangoni. Ukifeli unafungiwa duka kwa utepe mwekundu mpaka upimaji mwingine utakapokuja, na huo upimaji mwingine utakuja lini hakuna aliyejua, hata waliotoa amri.

Wauza maziwa wengi waliipokea habari hiyo kama wamepigiwa simu ya msiba. Mama Pacha yeye alipiga vigelegele. Kwa nini asipige? Maziwa yake yalitoka kwa ng'ombe wa mama mkwe wake nyuma ya nyumba, yakachujwa kwa kitambaa safi, yakaingia dukani, basi. Wenzake wa barabara ya juu walikuwa wanauza maji yaliyowahi kukutana na maziwa, tena kwa bei ya chini, na watu wanajaa huko, halafu jioni wanakuja kwake kumlalamikia kwamba chai imetoka na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Sasa serikali inakuja kusema kwa kipimo yale ambayo yeye amekuwa akiyasema kwa mdomo. Alijisikia kama mtu aliyesubiri mtihani huku majibu anayo mfukoni.

Kosa lake ni kwamba hakukaa kimya. Jana yake alikuwa amerekodi sauti akairusha kwenye grupu la mtaa: "Majirani zangu, kesho bibi afya yuko kwangu. Njooni mshuhudie. Akikuta tone la maji kwenye maziwa yangu, duka nampa atakayewahi kunyoosha mkono."

Basi watu walikuja. Walikuja wenye vikombe, wenye watoto mgongoni, na waliokuja tu kwa sababu mwenzao kaenda. Fundi viatu wa jirani aliacha kiatu cha mteja na gundi bado mbichi, akaja na simu mkononi, tayari anarekodi.

"Tuko mubashara," akatangaza. "Mama Pacha, sema neno kwa walio mbali."

"Waambie wasogee karibu."

Mama mkwe alikuwa amewekewa kiti pembeni ya jokofu, kiti cha heshima. Bibi huyu alikuwa amekula chumvi nyingi, lakini mikono yake ilikuwa bado ina nguvu za kukamua, na mdomo wake ulikuwa na nguvu kuliko mikono. Siku hiyo alikuwa ametulia kwa namna ya kushangaza, anatabasamu peke yake kama mtu aliyeficha zawadi chini ya kitanda. Mama Pacha aliliona lile tabasamu. Akadhani ni furaha ya kawaida.

Bibi afya akafika. Alikuwa binti mdogo tu, koti jeupe limepigwa pasi mpaka lina kona, sanduku la vifaa mkononi. Mtaa ulishampa jina tayari, Kipimo, kwa sababu wiki hiyo alikuwa amefunga maduka mawili ya barabara ya juu bila kupepesa macho. Kuna mmoja alijaribu kumsindikiza pembeni wakaongee. Kipimo alimwambia waongee hapohapo, kwa sauti, watu wasikie.

"Shikamoo, mama," akamwamkia mama mkwe.

"Marahaba, mwanangu. Pima tu. Leo utafurahi."

Kipimo akafungua ndoo ya aluminiamu iliyokuwa mbele ya kaunta, akakoroga vizuri mpaka chini, akachota, akamimina kwenye glasi ndefu. Kisha akatoa kile kifaa chake: kioo chembamba kama kalamu, kina tumbo zito chini na mistari shingoni. Kinawekwa ndani ya maziwa kielee. Kikisimama kwenye mstari, maziwa ni mazima. Kikizama kupita mstari, ina maana maziwa ni mepesi kuliko inavyotakiwa, na mtu lazima ajieleze.

Akakiachia taratibu. Kikacheza kidogo. Kikashuka. Kikaufikia mstari. Kikaupita.

Watu wote walikuwa wamekikodolea macho, na hata asiyejua kusoma alielewa.

Kipimo akakitoa, akakifuta, akamimina maziwa mengine, akarudia. Kikazama palepale.

"Mama Pacha," fundi viatu akanong'ona, "nizime au niendelee?"

"Endelea," Mama Pacha akasema, maana akili yake ilikuwa haijafika bado. "Dada, samahani, hicho kifaa hakijachoka?"

"Nilikihakiki kabla sijatoka ofisini, mama."

"Labda jokofu limeyafanya vibaya."

"Joto nimeshalipima. Liko sawa."

Nyuma ya umati sauti ya mwanamke mmoja ikapaa, mwanamke ambaye kila mtu alijua ni mteja wa barabara ya juu. "Mimi nimenyoosha mkono tangu mwanzo. Funguo za duka nachukulia wapi?"

Watu wakacheka. Si kwa ubaya sana, lakini walicheka, na kicheko kile kilimwingia Mama Pacha kama maji ya baridi shingoni. Duka hili alikuwa amelianza na baiskeli na ndoo mbili, anapiga kengele nyumba kwa nyumba mpaka mbwa wa mtaa wakamzoea. Vile vigae vyeupe vya kaunta alivichagua mwenyewe, kimoja kimoja, akikirudisha kila chenye ufa. Na sasa amesimama mbele ya vigae hivyo hivyo na gauni la harusi, anaonekana mwizi wa maji.

Kipimo tayari alikuwa ameshika utepe mwekundu. Akainua glasi ili aimwage. Hapo akasimama. Akaigeuza glasi kwenye mwanga, akaiinamisha, akaitazama tena. Maziwa yaliteremka polepole na kuacha utando mnene kwenye kioo, kama rangi iliyopakwa kwa brashi.

"Maji hayafanyi hivi," akasema, kama anajisemea mwenyewe. Kisha akauliza kwa sauti: "Mama, haya maziwa asubuhi yamepita mikononi mwa nani?"

"Mimi tu na Mama."

"Maji hayo," yule mwanamke wa nyuma akasema. "Unatafuta nini tena? Funga."

Na hapo ndipo mama mkwe aliposimama. Alisimama mpaka kiti kikaanguka.

"Nani kasema maji?"

Akawatazama mmoja mmoja.

"Nauliza nani kasema maji. Mimi sijatia maji kwenye kitu tangu nizaliwe. Supu yangu yenyewe watu wanaitafuna. Hayo nimetia malai. Malai ya jana, bakuli zima, niliyoengua mwenyewe juu ya maziwa nikayaweka nile na mkate wangu. Nimeyanyima mdomo wangu nikayamimina humo alfajiri nikakoroga. Halafu mtu ananisimamia hapo ananiambia maji."

Mama Pacha aligeuka pole pole. "Mama?"

"Nini?"

"Umetia malai? Kwenye ndoo ya kupimwa?"

"Si nilitaka uwapiku wote. Mgeni wa serikali anakuja, tumpe maziwa ya kawaida kama wanayokunywa kina fundi viatu?"

"Sasa mimi nimeingiaje humo?" fundi akauliza, lakini simu hakuishusha.

Kipimo alikuwa ameuma mdomo wa chini. Koti lake lilikuwa linatikisika kidogo mabegani. Alipoweza kusema, alisema kwa sura ya kazi.

"Mama yangu, malai ni mafuta, na mafuta ni mepesi kuliko maziwa. Ndiyo maana yenyewe hupanda juu. Ukiyaongeza mengi, kifaa kinazama vilevile kama umetia maji."

Mama mkwe akamtazama. Akaitazama glasi. Akamtazama tena. "Kwa hiyo nikiongeza kibaya kinazama, na nikiongeza kizuri kinazama?"

"Ndiyo, mama."

"Hicho kifaa hakina shukrani."

Umati ukavunjika mbavu. Hata yule mwanamke wa nyuma alicheka, mkono bado juu. Fundi viatu akasema yeye ameishi mjini maisha yake yote lakini hajawahi kuona mtu anafungiwa duka kwa ukarimu.

Ila Mama Pacha hakucheka, kwa sababu utepe ulikuwa bado mkononi mwa Kipimo.

"Dada, si umeshasikia? Hakuna maji."

"Nimesikia, mama, lakini siwezi kubandika stika kwa kusikia. Sheria inasema maziwa mabichi yauzwe kama yalivyotoka kwa ng'ombe. Usipunguze, usiongeze. Haya yameongezwa. Na ndani ya malai kama kuna maji pia, mimi nitajuaje?" Alisema kwa upole, lakini alisema. "Kuna njia moja. Sisi tunaiita kumrudia ng'ombe. Akamuliwe mbele yangu, niyaone maziwa kuanzia kwenye chuchu mpaka kwenye glasi, hakuna mkono wa mtu katikati. Yakisimama kwenye mstari, nafungua duka na stika nabandika. Ng'ombe wenu hukamuliwa tena saa ngapi?"

"Alasiri."

"Nitakuja. Mpaka wakati huo utepe unakaa."

"Na akigoma kutoa?"

"Hakuna maziwa, hakuna sampuli. Hakuna sampuli, utepe unabaki."

Ndoo iliporudishwa jokofuni, akauvuta utepe mwekundu mlangoni, pembe hadi pembe, akaupigapiga kwa kiganja ushike vizuri, akaenda zake.

Sasa hapo ndipo Mama Pacha alipoanza kuogopa kweli, maana ng'ombe mwenyewe alikuwa Bosi.

Bosi hakuwa ng'ombe wa kukamuliwa hivi hivi. Wako ng'ombe wanaopenda redio, wako wanaopenda kuimbiwa. Bosi alipenda umbea. Mama mkwe alimlea tangu ndama, na tangu siku ya kwanza ya kumkamua alikuwa anamsimulia habari za mtaa: nani kanuna, nani kahama, nani kanunua kochi halikupita mlangoni. Mnyama akazoea. Habari ikiwa moto, maziwa yanashuka kama bomba limefunguliwa. Habari ikipoa, Bosi anayabana huko juu anakoyajua mwenyewe, na hata umkandekande vipi unapata matone ya kumtosha paka. Mama Pacha alishajaribu kumkamua kimyakimya siku mama mkwe ana mafua. Alitoka na kikombe kimoja na teke moja.

Mchana ule nyumba ilikuwa kimya kama kuna mgonjwa. Mama Pacha aliosha ndoo ya kukamulia, akaisuuza kwa maji ya moto, akaianika juani, akaitoa juani, akaiosha tena. Mama mkwe alikaa kwenye kizingiti cha jikoni, mgongo ukiangalia ndani. Simu ikaita. Alikuwa mume wake Mama Pacha, dereva wa lori, yuko njiani huko mbali.

"Mke wangu, video nimeiona. Eti mmefungiwa kwa malai?"

"Muulize mama yako."

"Yeye anasemaje?"

"Hasemi."

"Mama yangu mimi hasemi? Anaumwa?"

"Haumwi. Anaona aibu."

"Basi hiyo ni mbaya zaidi. Aibu yeye hana mazoezi nayo."

Mama Pacha alitaka kucheka, akakataa. Alikuwa amekasirika na alitaka kubaki amekasirika. Bakuli moja la malai, na kengele zote zile za baiskeli zimekwenda na maji. Tena si maji. Ingekuwa maji angalau angejua amkasirikie nani vizuri.

Alasiri Kipimo alirudi kama alivyosema, na mtaa ulirudi naye. Walijipanga nje ya uzio wa mbao, videvu juu ya mbao, kama wako uwanjani. Bosi alikuwa ndani ya banda lake, mweusi, mnene, anatafuna majani na kuwatazama watu wote kama wafanyakazi waliochelewa.

Kipimo aliikagua ndoo ndani na nje, akachungulia mpaka kwenye maungio ya mpini. Akaagiza kiwele kioshwe kwa maji ya vuguvugu na kukaushwa. Akachuchumaa pembeni, macho kwenye ndoo. "Endelea, mama."

Mama mkwe akakaa kwenye kigoda. Akashika. Akavuta. Tone. Akavuta tena. Tone lingine, tena la kulazimishwa.

"Bosi," mama mkwe akaanza. "Leo, aa... leo jua lilikuwa kali kidogo."

Bosi akaendelea kutafuna.

"Asubuhi kulikuwa na upepo."

Bosi akageuza kichwa akatazama ukuta.

"Mama," fundi viatu akasema kutoka kwenye uzio, "hiyo ni taarifa ya hali ya hewa. Mpe umbea."

"Nyamaza wewe. Umbea upi?"

Na hilo ndilo lilikuwa tatizo. Umbea ulikuwepo, tena mnene, lakini siku hiyo mtaa mzima ulikuwa na habari moja tu, na habari hiyo ilikuwa yeye. Mama Pacha, aliyesimama mlangoni mwa banda ameshika kitambaa cha kuchujia, aliona jinsi yale mabega mapana yalivyoshuka. Hajawahi kuyaona yakishuka. Mwanamke huyu alimpokea siku ya kwanza kwenye nyumba hii kwa kumwambia kwamba hajui kushika ufagio, na tangu siku hiyo hakuwahi kurudi nyuma kwa neno lolote alilolisema. Sasa amekaa kwenye kigoda, mikono imelegea chini ya ng'ombe, na ndani ya ndoo hakuna hata maziwa ya kufunika kucha.

Kipimo akaangalia saa yake, akaona haya, akaushusha mkono.

Mama mkwe akavuta pumzi. Akasogeza mdomo karibu na tumbo la Bosi.

"Basi Bosi, unamjua yule bibi mmoja wa mtaa huu? Jina silitaji."

Sikio moja la Bosi likageuka.

"Yule anayejifanya anajua kila kitu. Ehe, huyohuyo. Sasa sikia. Ana mkwe wake. Mkwe huyo ni mchapakazi, lakini yule bibi hajawahi kumwambia. Anawaambia watu wengine. Anamwambia mpaka muuza mkaa. Mwenyewe hamwambii, anaogopa atavimba kichwa."

Pwaa. Mkondo wa kwanza ukagonga kitako cha ndoo, mzito, mrefu. Kwenye uzio watu wakashikana mikono.

"Jana usiku yule bibi hakulala. Anasema moyoni, kesho mkwe wangu anapimwa mbele za watu, mimi nimsaidie vipi? Kusoma sijui, hotuba siwezi. Akaangalia malai yake. Bosi, yule bibi anayapenda yale malai kuliko wajukuu zake, mapacha wasisikie. Akayabeba yote akayatia kwenye ndoo ya mkwe. Bila kuuliza. Unaniskia? Hakuuliza. Na angeuliza angeambiwa acha, na duka lingekuwa wazi saa hii."

Pwaa, pwaa. Mikono ilikuwa inafanya kazi sasa, kulia kushoto, kulia kushoto, na povu linapanda.

"Kisha ikawaje?" akauliza mtu. Watu wakageuka. Alikuwa Kipimo, amechuchumaa, kidevu mkononi, amejisahau kabisa. Akakohoa, akarudisha macho kwenye ndoo.

"Ikawa amemharibia mwenzake siku yake. Mbele za watu. Na gauni zuri amevaa. Na yule bibi anatafuta namna ya kusema samahani hajui inaanzia wapi, maana tangu azaliwe hajaisema, anaona ulimi utateguka."

Mama Pacha alijikuta ameshaingia ndani ya banda. Akachuchumaa upande wa pili wa Bosi, akauegemea ule ubavu wenye joto.

"Bosi," akasema, "na huyo mkwe mwenyewe unamjua? Nasikia naye ana maringo. Aliwaambia watu kwenye grupu zima kwamba atagawa duka. Nani alimtuma? Na mchana kutwa kamnunia bibi wa watu mpaka chakula cha mchana kimepikwa bila chumvi."

"Ndiyo maana," mama mkwe akasema kwa ng'ombe. "Nilidhani ni ulimi wangu."

"Na nasikia, Bosi, huyo mkwe hajui kwamba anasifiwa mpaka kwa muuza mkaa. Angejua angekuwa ameshamnunulia bibi yake mkate."

"Wa kukata vipande?"

"Wa kukata vipande."

Bosi alishusha pumzi ndefu puani, na maziwa yakaja kwa namna ambayo fundi viatu, akisimulia baadaye, hakuhitaji hata kutia chumvi. Ndoo ikajaa mpaka povu likachungulia nje. Kwenye uzio kuna mtu alikuwa anajifuta macho kwa kanga ya jirani yake, na jirani analalamika.

Kipimo alisimama, magoti yakalia. "Inatosha, mama."

"Mwenyewe bado ana ya kutoa."

"Na wewe bado una ya kusema, naona. Lakini inatosha."

Yule binti aliibeba ndoo mwenyewe. Hakumruhusu mtu aiguse. Akaitumbukiza kwenye beseni la maji baridi, povu litulie na joto lishuke, akakaa juu ya sanduku lake akiilinda kama kuku anayelalia. Mtaa wote ukasubiri. Fundi viatu alijaribu kuuliza kama inawezekana kupuliza, akaambiwa akapulize gundi yake.

Joto lilipofika lilipotakiwa, wakahamia kwenye ngazi ya duka, mbele ya utepe. Maziwa yakapita kwenye kitambaa cheupe na kitambaa kikabaki cheupe. Kipimo akachanganya kidogo na dawa yake kwenye kibomba cha kioo, akatikisa, hayakuganda, ishara kwamba hayajaanza kuchacha. Kisha glasi ndefu. Kisha kile kioo chembamba.

Akakiachia.

Kikashuka, kikapanda, kikacheza. Mama Pacha alikuwa ameushika mkono wa mama mkwe bila kujua ameushika saa ngapi. Kifaa kikatulia. Mstari ulikuwa umelala sawasawa juu ya maziwa, kama umechorwa hapo kwa rula.

Kipimo alirudia mara ya pili, kwa sababu yeye ndivyo alivyo. Mstari ukalala palepale.

"Haya ni maziwa," akasema.

Alisema hivyo tu, lakini kelele zilizofuata zilimfanya Bosi alie kutoka bandani. Kipimo akaung'oa ule utepe mwekundu kwa mkono mmoja, akaukunja mfukoni, akatoa stika ya kijani. Mama mkwe akaingilia: juu kidogo, hapana kulia, hapana hapo mlango ukifunguka itajificha. Yule aliyefunga maduka mawili bila kupepesa macho akahamisha stika mara nne.

"Na yale ya asubuhi?" Mama Pacha akauliza. "Yako jokofuni. Niyamwage?"

"Yale hayauzwi. Hata kikombe kimoja."

"Nimekuelewa. Ila kumwaga roho inauma."

"Mimi nasimamia yanayouzwa, mama. Mnachokunywa nyumbani kwenu na wageni wenu hakinihusu."

Kipimo hakuhitaji kurudia. Vikombe vilitoka kusikojulikana. Mama Pacha alichemsha yale maziwa kwenye sufuria kubwa hapohapo, na watu wakanywa wamesimama barabarani, kila mmoja na masharubu meupe, wakilamba midomo kwa jinsi yalivyo matamu. Kipimo alipelekewa kikombe, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Nikinywa, kesho watasema stika ilinunuliwa kwa kikombe."

"Basi mwakani?"

"Mwakani nakuja tena kupima. Au mwezi ujao. Sisemi."

Akabeba sanduku lake akaondoka, na watoto wakamsindikiza mpaka kona.

Mama Pacha aliingia nyuma ya kaunta, akaimimina ile ndoo mpya ya Bosi kwenye chombo cha kuuzia. Foleni ilikuwa imefika kwenye banda la fundi viatu, na wa kwanza kabisa alikuwa yule mwanamke wa barabara ya juu, mkono wake umeshuka hatimaye, umeshika chupa.

"Nipimie yale ya makosa," akasema kwa sauti ya chini.

"Yale hayauzwi, dada yangu. Ni kinyume cha sheria."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nina haya ya halali."

Mwanamke akafikiria, akaangalia ile stika, akaisogeza chupa mbele. "Haya, jaza."

Mama Pacha alikuwa anajaza, taratibu, bila kumwaga hata tone kwenye kigae, aliposikia kitu kinakwaruza nyuma yake. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti mbele ya ile ndoo ya asubuhi, kichwa kimeingia karibu chote ndani.

"Mama, unafanya nini humo?"

"Naosha ndoo," sauti ikajibu kutoka ndani.

"Kwa mkate?"

"Wewe uza maziwa yako," mama mkwe akasema. Akatoa mkono nje, umeshika kipande kilichojaa malai pembe zote, akaunyoosha juu bila kuangalia, mpaka mkwe wake alipokipokea.